Kirusi kavaa nini? Swali ambalo muuza dawa hakuniuliza

Mwaka juzi nilizika vifaranga 130 ndani ya siku tano hapa Buhongwa, Mwanza. Nikisema kuzika namaanisha kuzika kweli, shimo nyuma ya banda, chokaa juu, na mke wangu kasimama mlangoni haongei kitu maana ile hela ilitoka kwenye mchezo wake wa kina mama. Walikuwa na wiki nne na siku kadhaa, wamejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, wanaharisha majimaji meupe na wengine wanajidonoa wenyewe huku nyuma. Nikapanda bodaboda mpaka duka la dawa za mifugo, kijana pale hakuuliza wana umri gani, hakuuliza wamechanjwa nini, akanyoosha mkono akashusha pakiti ya antibayotiki ya unga akasema "weka kwenye maji mzee, hii inapiga bakteria mpaka virusi". Nikalipa. Wakaendelea kufa huku wanakunywa dawa.

Baada ya hapo nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya, nikasugua banda kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka sakafu ikawaka, nikaliacha wiki tatu likauke, nikaingiza kundi jipya. Wiki ya nne ile ile, ugonjwa ule ule. Safari hii nikamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mtu mzima hana maneno mengi, akapasua kifaranga juu ya gunia akanionyesha kifuko kidogo karibu na mkia kimevimba kimezungukwa na ute wa njano, akasema hii Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku. Nikamwambia mbona nimeosha daktari, tena kwa sabuni, tena mara mbili. Akanawa mikono taratibu, akajibu, "Baba, sabuni inavua koti. Huyu hana koti."

Ile kauli haijanitoka kichwani mpaka leo na ndo sababu ya makala hii. Maana naona sisi wa Kanda ya Ziwa, kuanzia mfugaji wa kuku mpaka mwenye vizimba vya sato mpaka mama mwenye shamba la muhogo kule Ukerewe, tunaishi na virusi kila siku lakini tunavijua kwa majina ya magonjwa tu, au kwa kiungo kinachouma, na hatuulizi maswali mawili ambayo wataalamu wanaanza nayo, huyu kavaa nini, na huyu ni wa ukoo gani. Tunadhani hayo ni mambo ya darasani, ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa bios. Mimi nasema pale ndo pesa yetu inapopotelea.

Kwanza neno lenyewe limeshachoka. Hapa mjini ukisema fulani "ana virusi" hakuna anayeuliza virusi gani, watu wanashusha sauti, neno zima limebebeshwa VVU peke yake, labda useme simu yangu ina virusi hapo watacheka. Na umoja wake, kirusi, ukiliandika na herufi kubwa unapata lugha ya Warusi, ambayo kwa bahati inaendana na historia, maana aliyeanza kugundua kuna kitu hapa alikuwa Mrusi kweli, Dmitri Ivanovsky, mwaka 1892. Alichukua maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, akayachuja kwenye chujio la udongo linalozuia bakteria wote, na yale maji yaliyopita bado yakaambukiza tumbaku isiyo na ugonjwa. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia akasema hiki siyo bakteria mdogo, hiki ni kitu kingine. Halafu 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakigandisha hicho kitu kikawa fuwele, kama chumvi, na ile chumvi ukiiyeyusha ukapaka kwenye jani inaugua. Watu wakabaki wanabishana kama kirusi ni kiumbe hai au la, ubishi ambao mpaka leo haujaisha na mimi sitaki kuuingia.

Twende kwenye umbo. Kirusi chochote ukikivua mpaka mwisho unakuta maelekezo, uzi wa DNA au wa RNA, chenyewe ni kidogo mno, vingi viko kati ya nanomita 20 na 300, wakati unywele wako una upana wa nanomita 50,000 na zaidi. Sasa kwa kuwa uzi ni mfupi hauna nafasi ya maelekezo mengi, kirusi mara nyingi hakiwezi kutengeneza protini za aina mia kujijengea nyumba, kwa hiyo kinatengeneza aina chache kinazirudia rudia, tofali lile lile mamia ya mara. Ndo maana maumbo ni machache, ama boksi la duara lenye pande 20 zinazolingana, ama tofali zinajipanga kuzunguka uzi kama kamba iliyosokotwa, na wachache wenye mitindo yao kama wale wanaoshambulia bakteria wana kichwa na mkia na miguu. Hilo boksi linaitwa kapsidi.

Wengine wanaishia hapo, kapsidi basi. Wengine wanapotoka kwenye seli waliyoiharibu wanaondoka wamejifunga kipande cha ngozi ya ile seli, ngozi ya mafuta, na juu yake wamechomeka protini zao zinazofanya kazi ya funguo za kufungulia seli inayofuata. Hilo ndo koti. Na hapa ndo watu wengi tunakosea hesabu kwa sababu tunafikiri aliyevaa zaidi ndo mgumu zaidi. Ni kinyume chake. Mafuta yanayeyuka kwa sabuni, yanakauka kwa spiriti, yanaharibika kwa jua, na koti likitoka limeondoka na funguo zake, kirusi kimebaki nje ya mlango hakina cha kufungulia. Korona ana koti. Mafua ana koti, surua, VVU, Marburg, na mdondo wa kuku pia. Asiye na koti yeye kafunga mlango wa protini tupu, mkavu, sabuni inampitia tu. Polio hana koti. Homa ya ini A hana. Gumboro hana, na kwenye banda lililobaki na vumbi na kinyesi kwenye nyufa anaweza kukaa zaidi ya miezi mitatu anasubiri. Mimi nilimpa wiki tatu.

Umbo hilo hilo linakuambia hata njia anayopita. Tumboni kuna asidi, ukiteremka kidogo kuna nyongo ambayo kazi yake ni kuyeyusha mafuta, kwa hiyo wengi wa wanaoingia kwa mdomo na maji machafu ni hawa wasio na koti, wenye koti wengi wangeyeyuka njiani. Nakumbuka kipindi kile cha 2020 kila duka lilikuwa na ndoo na kila mkoba una kichupa cha sanitaiza, ikawa tabia, mpaka leo utaona mtu anamsafisha mtoto aliyeharisha halafu anajipaka sanitaiza anaendelea kukanda chapati. Spiriti inamuua korona vizuri, lakini noro, kile kirusi cha kuharisha na kutapika, na polio na homa ya ini A inawababaisha tu. Hapo unataka maji yanayotiririka na sabuni, kwa sababu hata kama sabuni haimuui inamng'oa mkononi inampeleka mtaroni, na sakafuni unataka jiki. Na jiki nayo ina masharti, klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu, kwa hiyo ukimwaga jiki juu ya maranda yenye kinyesi umemwaga hela. Toa maranda yote, kwangua, osha, ndo umwage. Mpangilio huo nilifundishwa na yule mama daktari bure, wakati pakiti ya antibayotiki ilinigharimu.

Nisidanganye, kanuni ya koti ina wakaidi wake. Homa ya ini B ana koti lakini tone la damu iliyokauka linaweza kumhifadhi siku saba. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliielezea Kenya mwaka 1921 na ambayo kila baada ya muda inafyeka mabanda ya watu, ana matabaka ya ganda na koti juu na bado anakaa miezi kwenye nyama iliyogandishwa. Kwa hiyo koti ni swali la kwanza, halimalizi maswali.

Kuhusu antibayotiki ni suala fupi. Antibayotiki zinapiga vitu ambavyo bakteria anavyo na wewe huna, ukuta wake, mashine zake za kutengeneza protini. Kirusi hana ukuta wa namna hiyo wala hana mashine, anatumia zako. Hakuna pa kupiga. Yule kijana akikwambia inapiga mpaka virusi mwambie akuonyeshe pa kupigia. Kuna wakati daktari anatoa antibayotiki kwa sababu bakteria wamedandia juu ya ugonjwa wa virusi, hiyo sawa, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Sasa swali la pili, ukoo. Chukua homa ya ini, maana huo ugonjwa hapa unaongelewa sana na unaongelewa vibaya. Mtu anaambiwa una homa ya ini, jirani anasema hata shemeji yangu alikuwa nayo akanywa mizizi akapona. Kumbe kuna A, B, C, D na E, na hizi siyo ndugu. Zimepewa jina la nyumba zinayoivunja, yaani ini, siyo la baba. A ni ndugu wa polio, anaingia kwa maji na chakula, anaumwa mtu anapona mwenyewe mara nyingi. C yuko familia moja na homa ya manjano na dengi ingawa haenezwi na mbu, na siku hizi ana vidonge vinavyomtoa kabisa. E ana familia yake. D ni kituko, hana hata koti lake mwenyewe, anaazima la B, kwa hiyo asiyekuwa na B hawezi kusumbuliwa na D, na ukichanjwa B umechanjwa wote wawili kwa sindano moja. Shemeji wa jirani inawezekana alikuwa na A, angepona hata kwa uji. Ukimpa mwenye B ile ile mizizi unamcheleweshea kipimo wakati ini linaendelea kuliwa.

Na B huyo, ukitaka kujua dawa yake, usimtafute kwa wale wenzake wa ini, mtafute kwa VVU. Hapa inabidi nimtaje David Baltimore, Mmarekani aliyepata Nobel 1975 pamoja na wenzake, ambaye mwaka 1971 alipanga virusi vyote kwa swali moja ambalo mimi naliona ni la akili sana. Fikiria seli ni jiko la mama ntilie pale Kirumba. Jikoni hawapokei maneno, wanapokea kikaratasi cha oda tu, chenye mwandiko mmoja. Kikaratasi hicho kwenye seli ni RNA ya ujumbe. Kwa hiyo kirusi chochote, kiwe cha nani, kitafanya kazi moja tu kupata chakula chake, kupenyeza kikaratasi jikoni. Baltimore akauliza, huyu anafikaje kwenye kikaratasi?

Wengine wanakuja na kikaratasi chenyewe mkononi. Polio, Zika, chikungunya, homa ya ini A na C, korona, RNA yao inasomeka moja kwa moja, ukiitoa uzi peke yake ukaiweka ndani ya seli inatosha kuanzisha ugonjwa. Wengine wanakuja na muhuri. Unajua muhuri wa ofisi ulivyo, herufi zimegeuka, husomi mpaka ugongwe kwenye karatasi. Surua, mafua, mdondo, Marburg, kichaa cha mbwa, hao wote RNA yao imegeuka, na kwa kuwa seli haina mtu wa kugonga muhuri wa namna hiyo inabidi kirusi kije na mgongaji wake kamfungia ndani ya kapsidi. Umeona umbo na ukoo vinavyoshikana. Gumboro na rota wanakuja na RNA ya nyuzi mbili zilizobanana, batobato ya muhogo na DNA ya uzi mmoja, ndui na DNA ya kawaida kama yetu. Halafu kuna VVU, yeye anafanya ughushi, anachukua RNA yake anaiandika upya kuwa DNA kisha anaichomeka kwenye faili kuu la seli, na kuanzia hapo jiko linapokea oda zake likidhani zimetoka ofisini. Homa ya ini B anafanya ughushi unaofanana na huo, kwa mpangilio uliogeuzwa, akatengewa kundi la saba lililoongezwa baadaye maana Baltimore alianza na sita.

Sasa sikia faida yake. Tenofovir na lamivudini zinazomezwa na watu wa VVU kila siku kliniki zimetengenezwa kumkwamisha mwandishi wa ule ughushi. Na zinamkwamisha B pia, kwa sababu kalamu ni ya aina moja. Kwa macho ya kawaida VVU na homa ya ini havihusiani, moja kinga moja ini, na hapa mkoa wa jirani wa Kagera ndo walioripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini mwaka 1983 wakati huo hakuna hata jina la kueleweka. Lakini aliyeuliza swali la jikoni aliona undugu, akatoa dawa.

Wafugaji wa Kisukuma nao wana somo lao kwenye ukoo. Sotoka ilipoingia miaka ya 1890 ilimaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki, wazee walisimuliwa na wazee. Sotoka ni ndugu wa damu wa surua ya watoto, wako jenasi moja inaitwa Morbillivirus, na wataalamu wanaona surua ilihama kutoka kwa ng'ombe zamani hizo. Ndugu wa tatu ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Wa nne ni ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa, ambao mwaka 1994 uliingia Serengeti, humu humu ukitoka Mwanza kwenda Musoma unapita geti la Ndabaka, ukaua karibu theluthi ya simba. Theluthi! Watu walikuwa wanaona simba anatetemeka kifafa hawaelewi. Ukipanda juu ya jenasi, kwenye familia yao hiyo hiyo, unamkuta mdondo wa kuku, yaani mtoto mwenye surua na kuku anayepinda shingo wana babu mmoja wa mbali. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa imetoweka duniani mwaka 2011 kwa chanjo, na ni ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui ya binadamu.

Undugu unasaidia hata kuazima chanjo. Ng'ombe anaweza kukingwa na mapele ngozi kwa chanjo ya ndui ya kondoo au mbuzi, kwa sababu virusi vyao ni vya jenasi moja. Lakini usidanganywe na ngozi, tetekuwanga na ndui zinafanana kwenye mwili wa mtoto halafu hazina undugu wowote, tetekuwanga ni wa ukoo wa hepesi, ni yule yule anayejificha kwenye mishipa ya fahamu anakuja kukutokea uzeeni kama mkanda wa jeshi.

Nikisema ukoo hata hivyo usinielewe kwamba virusi vyote vina babu mmoja kama tulivyofundishwa wanyama na mimea. Havina. Ni kama Mwanza yenyewe, kuna Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya, kila mmoja na kwao. Kuna Kamati ya Kimataifa ya Uainishaji wa Virusi, imeanza 1966, yenyewe imepanga ngazi 15 kuanzia himaya mpaka spishi, na zile himaya za juu hazitokani na shina moja. Kazi yao naiheshimu. Majina ndo siyaelewi. Tangu 2021 kila spishi lazima iwe na jina la maneno mawili, kwa hiyo VVU namba moja sasa kwenye daftari lao anaitwa Lentivirus humimdef1. Nani atalitamka hilo kwenye zahanati? Afadhali lile la Baltimore, namba moja mpaka saba, ukishajua jiko umemaliza.

Na kwenye majina kuna kitu kinaniuma kidogo, hasa mtu wa ziwani. Angalia ramani. Zika ni msitu wa karibu na Entebbe, kando ya ziwa letu hili hili, kirusi kilipatikana 1947 kwa kima aliyewekwa juu ya mti kama chambo cha mbu. Bunyamwera ni kijiji cha Uganda, kirusi chake 1943, na mpaka leo kundi kubwa lenye homa ya bonde la ufa linaitwa Bunya-nini sijui. Chikungunya ni Kimakonde, kile kinachokunja mtu, kutoka Newala 1952. O'nyong'nyong ni Kiacholi, 1959, ukaenea mpaka huku kwetu. Sasa Marburg, waliougua wa kwanza 1967 walikuwa wafanyakazi wa maabara Ujerumani na kwingineko waliogusa tumbili waliotoka Uganda, na jina likaenda kwa mji wao. Ukitaka kucheka cheka. Kilipotokea kwetu Kagera 2023, na tena Biharamulo 2025, watu walikuwa wanauliza hiki kitu cha Wajerumani kimefikaje hapa. Umbo lake ni uzi mrefu uliopinda, familia inaitwa filo, uzi kwa Kilatini, na ana koti, ndo maana ndoo za maji na sabuni na klorini zilikuwa kila mlango na zilikuwa na maana.

Muhogo nitaupitia haraka ingawa unastahili makala yake. Shamba la mama yangu Ukerewe liliwahi kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja na yeye aliyaita yote "ukungu". Moja batobato, majani yamekunjamana yana mabaka ya njano, kirusi chake ni maboksi mawili yaliyoungana mgongo kama mapacha, na jina la familia maana yake mapacha kweli. Maelekezo yake yako kwenye duara mbili za DNA, kila duara kwenye chembe yake, mmea ukipata moja tu haugonjeki vizuri mpaka ya pili ifike. La pili michirizi ya kahawia, huyo ni uzi mrefu wa RNA, jani linaweza kuonekana salama kabisa halafu ukichimba unakuta kiazi kina kutu ndani. Wote wanabebwa na inzi weupe. Kosa la mama lilikuwa kuchagua mbegu kwa kuangalia majani. Kwa batobato hiyo njia inasaidia, kwa michirizi inakudanganya, lazima upasue mizizi ya shina unalotaka kukata mbegu, au uchukue mbegu zilizopimwa kutoka watu wa utafiti kama wale wa Ukiriguru. Na ile batobato kali iliyotoka Uganda ikazunguka ziwa miaka ya 90 ilikuwa virusi viwili vya batobato vilivyoingia kwenye shina moja vikabadilishana vipande, kikazaliwa cha tatu kikali kuliko baba zake. Hiyo ndo hatari ya kuchanganya mbegu za kuokota.

Nimalizie na sato maana ndo biashara iliyochangamka sasa. Kuna kirusi kinaitwa kirusi cha ziwa cha sato, kilielezewa 2014 baada ya vifo vya sato Israeli, pamoja na Ziwa Galilaya lile la kwenye Biblia. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti ulioonyesha RNA yake kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wetu, samaki ambao kwa macho hawakuwa na neno. Ni wa ukoo wa mbali wa mafua ya binadamu, wako oda moja ya uainishaji, siyo ile ya mama ntilie, RNA ya muhuri iliyokatwa vipande 10 wakati mafua yako yana 8, na ana koti. Vipande maana yake virusi viwili vikikutana kwenye samaki mmoja vinaweza kuchanganya karata kama mafua yanavyofanya kila baada ya miaka. Havimuumizi mlaji, tusianze kutishana kwenye mwaloni.

Binamu yangu ana vizimba viwili kule ghubani. Mwezi uliopita alipoteza samaki wadogo wengi kidogo kidogo kwa siku kumi, akasema maji yamegeuka. Inawezekana, maji yakigeuka oksijeni inaisha samaki wanakufa kweli, lakini wanakufa usiku mmoja, wakubwa kwa wadogo, siyo wadogo peke yao kwa siku kumi. Nikamuuliza vifaranga alinunua wapi na kama vilipimwa. Akapiga simu pale pale akaweka spika nisikie, jamaa wa upande wa pili akacheka akasema kaka hawa ni wazima, si uliwaona mwenyewe wanavyoogelea. Binamu akanitazama kama vile amejibiwa. Nikamwambia mpigie tena, muulize kipimo.